Tone Nililolifuta

Nafasi ilikuwa moja: fundi msaidizi katika maabara ya fizikia ya chuo kikuu, kwa mwaka mmoja. Hawakudai cheti kikubwa. Walitaka mtu anayejua kutengeneza vitu kwa mikono na kupima kwa uaminifu. Mwalimu aliyenieleza habari hiyo sikuwahi kuonana naye. Nilikuwa nimesoma kwenye simu maandishi anayowafundishia wanafunzi wake, nikamwandikia barua pepe ya maswali sita. Alinijibu manne, akasema mawili yaliyobaki hata yeye hayajui. Tangu siku hiyo nilimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

Shule niliishia kidato cha nne, Shinyanga mjini. Kwetu ni Kambarage. Matokeo hayakunivusha, na mama akanituma Katoro kwa mdogo wake, ambaye mimi namwita mama mdogo, nikaingia karakana ya kusuka mota. Mota ikiungua, tunatoa waya wa shaba wa zamani na kuzungusha mwingine, mzunguko kwa mzunguko, bila kupoteza hesabu. Huku mota haziishi kuungua, maana karasha za kusaga mawe ya dhahabu hazipumziki na umeme unapanda na kushuka unavyotaka. Kazi hiyo inanifaa. Nahesabu mizunguko mara mbili, na nikiwa njiani kurudi nyumbani bado nahesabu. Fundi mkuu wetu ananiita Profesa, na hanisifii.

Lazima niseme mapema jambo ambalo sipendi kulisema. Siwezi kuvumilia ukurasa mchafu. Nikikosea tarakimu moja kwenye daftari, nikaikata, ule mkato unanikaa machoni mpaka nashindwa kufikiria kitu kingine. Kwa hiyo nanakili ukurasa mzima upya, kwa rula na kalamu mbili, na ule wa kwanza nauchana. Nimefanya hivyo tangu darasa la tano. Walimu walinisifia usafi, na mimi nikadhani usafi na ukweli ni kitu kimoja.

Kilichonikamata ni grafaiti. Mchimbaji mmoja aliyetoka Mahenge alikuja na jiwe jeusi linalong'aa, akilibeba mji hadi mji akidhani ni mali. Walipomcheka pale sokoni alinipa mimi, labda kwa sababu sikucheka. Lile jiwe lilikuwa limejaa magamba, na kila gamba unaweza kulibandua kwa utepe wa gundi, tabaka baada ya tabaka, kama unabandua ngozi ya kitunguu. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya gamba kama hilo umeme hautembei ovyo. Vuta picha mikeka mia imepangwa mmoja juu ya mwingine, na sisimizi wamejaa kila mkeka. Juu ya mkeka wake sisimizi anakimbia anakotaka. Kupanda mkeka wa juu au kushuka wa chini ni shida kubwa. Elektroni za grafaiti zinaishi hivyo, kila moja kwenye tabaka lake, kana kwamba dunia haina juu wala chini.

Sasa ukiikandamiza hiyo mikeka kwa nguvu kubwa, itakuwaje? Inakaribiana. Sisimizi wanaanza kuvuka. Ipo mada nzima ya watu wanaokandamiza vitu vya matabaka na vitu vya nyuzi kwa nguvu za kutisha, na kutazama umeme unavyobadilisha tabia. Vingine, vikiwa kwenye baridi kali, hupoteza ukinzani wote kwa ghafla, umeme ukapita bila kizuizi chochote. Nilisoma hayo nimekaa juu ya mota iliyoungua, na moyo ulinienda mbio kama nimeitwa jina.

Nikajenga kifaa changu. Fremu niliunga kwa vipande vya reli chakavu. Nguvu ilitoka kwenye jeki ya lori ambayo fundi mkuu aliiona mbovu, nami nikaibadilishia sili inayozuia mafuta kuvuja. Gamba la grafaiti nililiweka katikati ya karatasi za maika nilizozitoa kwenye pasi ya umeme iliyokufa, ili umeme usikimbilie kwenye chuma. Juu ya gamba kulitakiwa miguso minne kwa mstari. Miwili ya nje inapitisha umeme kutoka kwenye betri, na miwili ya ndani inapimwa kwa mita. Ukipima kwa miguso miwili tu unapima pia ubaya wa miguso yenyewe. Hilo nililijua, na nilijivunia kulijua.

Tabu ikawa miguso. Risasi ya kuchomelea haishiki kwenye grafaiti. Nilisoma kwamba kwenye maabara hutumia dhahabu, nikacheka peke yangu karakanani. Dhahabu! Kitu ambacho mama mdogo anakishika kila siku.

Mama mdogo anafanya kazi mwaloni, mahali wanapoosha mchanga wa mawe yaliyosagwa. Tope zito linalobaki anatia zebaki, na zebaki inaikamata dhahabu. Kisha anaweka lile bonge kwenye kitambaa, anakisokota na kukikamua kwa nguvu ya mikono yake miwili. Zebaki ya ziada inatoka kwa matone, na ndani ya kitambaa kinabaki kidonge cheupe kama jivu, laini kama ugali uliopoa, ambacho baadaye kinachomwa mpaka ibaki dhahabu tupu. Huku kila mtu anajua hivyo. Nami nilikuwa nimemtazama akikamua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Nilimfuata mwaloni nikamwomba kidonge kabla hakijachomwa.

"Kidogo tu, mama mdogo. Kama punje ya mtama."

"Ya nini? Unataka kuziba jino?"

"Ya kazi yangu ya umeme."

"Umeme gani huo unakula dhahabu?" Akawageukia wenzake kwenye karo la kuoshea mchanga. "Mnamsikia? Wasichana wenzake wanaomba vitenge, huyu anaomba zebaki. Dada yangu aliniletea mtoto au jini?"

Wakacheka. Akanipa kiasi cha punje tatu, na zebaki kidogo kwenye chupa ya soda juu yake, kwa vile niliomba kwa adabu. Sikumweleza nitakachokifanya. Niliona haya kueleza kitu ambacho hakijakamilika, na kwangu hakuna kinachokamilika.

Kile kidonge sikukichoma, kwa sababu kikichomwa kinakuwa kigumu, na mimi nilitaka ulaini wake ili kishike kwenye gamba. Nilikianika juani siku mbili. Kilipopauka nikasema kimekauka. Nikakigawa kwa ncha ya sindano, nikabandika miguso minne midogo kuliko kichwa cha kiberiti, kila mmoja na waya wake mwembamba wa mota. Nilitumia lenzi. Nilirudia mara kumi na moja mpaka miguso ilipopangika kwa nafasi sawa. Naandika haya ili ionekane nilivyokuwa makini mahali pasipohitajika.

Nilipima Jumapili asubuhi, karasha za jirani zikiwa kimya na karakana imefungwa. Nilipiga jeki taratibu, nikisubiri kila hatua namba itulie. Ukinzani ulishuka kidogo. Ukashuka tena kidogo. Halafu, kwenye pigo moja ambalo halikuwa tofauti na mengine, mita ikaanguka hadi sifuri. Tarakimu ya mwisho ilicheza kati ya sifuri na moja, basi.

 Nililegeza jeki, namba ikapanda tena. Nikakandamiza, sifuri. Nilijua kabisa kwamba katika joto la Katoro kitu kama hicho hakitakiwi kutokea. Kila nilichowahi kusoma kilisema hakitakiwi. Lakini upo upande wa moyo ambao unasubiri siku hiyo tu, siku ambayo wewe, uliyefeli, utaona kitu ambacho hawakukiona wengine. Huo upande haukunishauri vizuri.

Nikaifungua ile mashine kukagua. Kwenye maika, pembeni ya gamba, palikuwa na tone dogo linalong'aa, dogo kuliko kichwa cha pini. Nililiona vizuri. Nililifuta kwa kidole gumba, nikaweka maika mpya, nikaandaa kipimo cha tatu.

Sikuliandika. Daftari langu lilikuwa na safu nne zilizopigwa rula: hatua ya jeki, umeme uliopita, namba ya mita, ukinzani. Haikuwepo safu ya tone. Kuliandika kungekuwa kuandika pembeni, kwa mshazari, juu ya mistari. Kweli nilifikiri hivyo, kwamba litaharibu ukurasa. Kipimo cha tatu kikaanguka sifuri kama vile viwili, na mchana nikanakili kurasa zote upya, safi, na zile za kwanza nikawashia mkaa wa kupikia maharage. Nikapiga picha ule usafi wangu, nikamtumia mwalimu.

Alijibu Jumatatu. "Inavutia, na inanitia wasiwasi. Umerudia mara ngapi?" Nikasema mara tatu. Akasema Ijumaa saa nne asubuhi nimpigie kwa simu ya video, atakuwepo na wenzake wawili wanaochagua mtu wa ile nafasi, niwaeleze nilichofanya. "Usiogope," aliandika, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa hasa.

Siku mbili sikuonja chakula chenye ladha. Karakanani nilisuka mota ya pampu nikakosea mizunguko, kitu ambacho kwangu hakijawahi kutokea, nikalazimika kuikata yote.

"Profesa ana mimba?" aliuliza fundi mkuu.

"Sina mimba, kaka."

"Basi una mchumba. Waya hauwezi kukukosea hivi hivi."

Lile tone lilikuwa linanirudia. Nilijaribu kujiambia ni jasho. Ni mafuta ya jeki. Mafuta hayang'ai hivyo, nami nilijua.

Jumatano jioni, jua likiwa bado halijazama, nilibeba mashine kwa toroli hadi nyumbani nifanye mazoezi ya kueleza. Niliiweka kibarazani. Mama mdogo alitoka kazini, miguu imejaa tope jekundu, akakaa kwenye ndoo akinitazama napiga jeki.

"Ndiyo hiki kilichomeza mali yangu?"

"Ndiyo. Katikati hapa kuna jiwe la matabaka. Nalikandamiza, natazama umeme unavyopita."

"Na kidonge changu kiko wapi?"

"Kipo humo humo, juu ya jiwe. Ndicho kinachoshika nyaya."

"Ulikichoma?"

"Hapana. Nilikikausha juani."

 Akacheka, cheko la tumbo, mpaka akashika ukuta.

"Ng'wana wane," akasema, mwanangu, kwa Kisukuma, kama anavyosema akinihurumia. "Mimi nakamua kwa mikono miwili na zebaki inatoka. Wewe umekamua kwa jeki ya lori. Ulitegemea itoke nini, maziwa?"

 Sikuhitaji hata kufungua mashine, ingawa niliifungua. Matone matatu. Moja lilikuwa limejilaza kati ya mguso wa pili na wa tatu, limeiunganisha vizuri kabisa, daraja la fedha ambalo umeme ulipita bila kugusa grafaiti. Ndiyo maana mita ilisoma sifuri. Ndiyo maana nilipolegeza namba ilirudi, kwa kuwa tone lilijikunja likaachana na upande mmoja. Nilikuwa nimetengeneza kitambaa cha mama mdogo kwa chuma, nikamwandikia mwanasayansi kwamba nimeona ajabu.

"Mbona umekuwa hivyo?" mama mdogo aliuliza. Cheko lilikuwa limekwisha.

"Nimeshawaambia watu."

"Watu gani?"

"Wa chuo. Wale wa ile kazi."

"Si uwaambie tena, kwamba ulikosea?"

Alivyosema ilikuwa kama kumwambia muuza nyanya kwamba chenji imezidi.

Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku. Niliweka gamba jipya, safari hii bila kidonge, nyaya za shaba nilizozikwangua zikibanwa na mashine yenyewe. Ukinzani ulishuka kidogo kidogo kila nilipoongeza nguvu, halafu ukakaribia kutulia. Hapakuwa na sifuri popote. Hata huko kushuka sikuwa na uhakika nako, maana huenda miguso tu ilikuwa inakaa vizuri zaidi. Yalikuwa matokeo ya kawaida kabisa, ambayo mtu yeyote angeyatabiri akiwa amelala.

Halafu nikakaa na simu kuandika barua. Ya kwanza ilisema mita yangu ilikuwa na hitilafu. Nikaifuta. Ya pili ilisema nimeboresha njia ya kupima na kuambatisha namba mpya, bila kutaja za zamani. Hiyo ilikuwa nzuri sana, ya kitaalamu, na niliisoma mara nyingi. Ya tatu ilitaja zebaki lakini ikasema nimegundua mwenyewe kwa uchunguzi. Ya nne ilimtaja mama mdogo, lakini haikusema kwamba tone nililiona tangu Jumapili nikalifuta. Kila moja ilikuwa safi kuliko nilivyokuwa mimi. Sikutuma hata moja. Ningependa kusema nilizuiwa na dhamiri. Nilizuiwa na hofu kwamba Ijumaa wangeniuliza swali moja la ziada.

Ijumaa nilikaa chumbani kwangu, kwenye kitanda, kwa kuwa hapo mtandao unashika. Nilivaa blauzi ya kanisani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo? Wenzangu ni hawa. Tuanzie pale namba zinapoanguka."

Alikuwa mwanamke wa umri mdogo kuliko nilivyomdhania, na miwani yake ilikuwa juu ya kichwa. Mmoja wa wale wawili, mwanaume mzee, alikuwa ameshika karatasi. Nikatambua ni ukurasa wangu, wameuchapa.

"Kabla sijaanza," nikasema, "ile sifuri si ya grafaiti. Ni zebaki."

"Zebaki imeingiaje?" mzee aliuliza.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, nikasema kidonge mara nyingi bila kusema kidonge cha nini, mpaka mwalimu akanisimamisha na kuniambia nivute pumzi. Nilipofika kwenye kitambaa na jeki yule mzee akacheka kidogo, akajizuia. Halafu nikasema lile jambo lingine.

"Tone nililiona siku ile ile. Nililifuta. Sikuliandika."

 Nilidhani mtandao umekatika.

"Hiyo zebaki," mwalimu akasema, "iko wapi sasa hivi?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Chini ya kitanda. Kwenye chupa ya soda."

"Kitanda kipi?"

"Hiki nilichokalia."

"Ina kifuniko?"

"Nimeziba kwa karatasi."

"Toka humo ndani. Sasa hivi, toka na simu."

Nikatoka hadi uani, nimeshika simu mbele yangu kama taa. Mama mdogo alikuwa anasugua sufuria. Mwalimu aliniambia nitafute chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, niifunike zebaki kwa maji, madirisha yakae wazi, na kama kuna iliyomwagika nisiifagie. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, alisema, na unaharibu ubongo polepole. Aliuliza nimelala nayo siku ngapi. Nilipomjibu alifumba macho.

Kisha akarudi kwenye mambo yetu. "Nahitaji kurasa za siku ile. Si hizi. Zile ulizoandika wakati unapima."

"Sinazo."

"Zimepotea?"

"Nilizichoma. Zilikuwa na makosa ya kukatwakatwa, nikanakili."

Yule mzee akaiweka karatasi mezani, taratibu, akaisukuma mbali naye kidogo.

"Kwa hiyo hata hizi namba za mwanzo, kabla ya sifuri," mwalimu akasema, "sijui nizifanyeje."

"Hata mimi sijui, Mwalimu."

Alinishukuru kwa kusema kabla hajaipeleka habari mbele ya watu zaidi. Halafu akasema, bila ukali, kwamba nafasi ile hataweza kuniombea. Walikuwa wanahitaji mtu atakayekaa na mashine peke yake siku nzima, na watakachokijua kuhusu siku hiyo ni kile tu alichokiandika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema nikipima tena nimtumie ukurasa siku hiyo hiyo, hata ukiwa na mafuta. Sikujua kama hilo lilikuwa mlango au adabu tu ya kumaliza mazungumzo. Mpaka leo sijui.

Mama mdogo alikuwa ameacha kusugua.

"Wamekukataa?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu umewaambia kweli?"

"Kwa sababu sikuiandika."

Alilifikiria hilo. "Na huyo mama anasema zebaki inaharibu ubongo?"

"Amesema. Amesema usiishike kwa mikono mitupu."

"Aje akamue yeye." Lakini aliitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kabla hajairudisha kwenye sufuria, na mimi nikaingiwa na hofu mpya, tofauti na ile ya wiki nzima. Hii haikuwa na siku ya kwisha.

Nilihamisha zebaki kama nilivyoelekezwa, nikampelekea mama mdogo mwaloni ikiwa kwenye chupa ya plastiki ngumu, nikamnunulia glavu ndefu za mpira. Amezivaa mara moja. Anasema zinamnyima kujua kidonge kimeiva au bado.

Mchana wa Ijumaa ile nilirudi karakanani. Mota kubwa ya karasha ilikuwa imeletwa asubuhi, imeungua upande mmoja, na mwenye nayo alikuwa amesimama mlangoni akisubiri jibu. Fundi mkuu aliniita. Hapo kwetu jibu ni moja tu, kesho, na mteja naye anajua si kesho.

"Profesa, hii utaimaliza lini? Mwambie mzee hapa."

Niliinama nikaichungulia. Waya ulikuwa umeyeyukia ndani kabisa, na sehemu nyingine sikuweza kuiona bila kuipasua.

"Sijui," nikamwambia. "Sijaiona yote."

Fundi mkuu alinitazama kama nimemtukania mama yake. Mwenye mota akavuta kigoda, akakaa.

"Haya, ifungue basi," akasema. "Tuione wote."